Kukasimu Kazi, Kubaki na Dhamana

Kukasimu ni kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwenye kazi. Huonekana kuwa jambo la utawala tu, lakini ndani yake mna swali la kifalsafa: mtu akiacha kuitenda kazi kwa mikono yake, kazi hiyo inabaki kuwa yake kwa maana gani? Swali hili humfikia kila aliyeanzisha shughuli ikakua. Mwenye jimu ni mfano ulio wazi. Mwanzoni ndiye anayefungua mlango alfajiri, anayefundisha kipindi cha kwanza, anayehakiki malipo ya simu na kufuta jasho kwenye mikeka wateja wakishaondoka. Wateja wakiongezeka, hana budi kuwaachia wengine sehemu kubwa ya hayo.

Maandiko ya dini yalilijadili suala hili zamani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa anaketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, baba mkwe wake na kuhani wa Midiani, anaona madhara mawili kwa pamoja: Musa atachoka, na wanaomsubiri watachoka pia. Anamshauri awafundishe watu sheria, kisha ateue watu wenye uwezo, wacha Mungu, waaminifu na wanaochukia rushwa, wasimamie makundi ya elfu, mia, hamsini na kumi. Mashauri mazito yaendelee kuletwa kwake. Mpangilio huo una mantiki. Mafunzo yanatangulia uteuzi, tabia inapimwa sambamba na uwezo, na kiongozi anabakiwa na kazi mahususi.

Katika Kurani, sura ya Taha, Musa anamwomba Mungu amfanye Haruni, nduguye, kuwa waziri wake. Msaidizi hapo anaombwa waziwazi, bila haya. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yao ndiyo yanayosababisha watu 7 wachaguliwe kusimamia huduma hiyo. Katika simulizi zote tatu, anayekasimu hatafuti starehe wala cheo. Katika ya kwanza na ya tatu anaelemewa, na wanaoumia ni watu anaowahudumia.

Hata hivyo, kuelemewa si sababu pekee. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu huuongoza ulimwengu kwa kupitia viumbe si kwa sababu amepungukiwa na uwezo, bali kwa wingi wa wema wake, ili viumbe navyo vipate heshima ya kuwa visababishi. Kwa hoja hiyo, kukasimu si kukiri udhaifu. Ni kumpa mwingine nafasi ya kutenda kweli. Kocha ambaye kila akimwelekeza mteja, mwenye jimu hudakia na kumrekebisha mbele ya darasa zima amepewa mshahara na fulana yenye nembo, lakini kazi hajapewa.

Ili kazi ikabidhiwe, lazima kwanza ieleweke. Aristotle alitofautisha fundi anayetenda kwa mazoea na fundi mkuu anayejua sababu za kinachotendwa, akasema kwamba anayejua sababu ndiye awezaye kufundisha. Chukua zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani. Kocha mzoefu huona kisigino kikiinuka kidogo, na papo hapo anapunguza uzito. Akiulizwa sababu, huenda akajibu kwamba ameona tu. Kumwachia mwingine kipindi hicho kunamlazimu aseme kile ambacho jicho lake lilikuwa likikifanya kimyakimya: kifundo cha mguu kimekaza, mwili unaegemea mbele, na mzigo unahamia mgongoni. Hivyo kuhama kutoka utendaji kwenda uongozi ni kugeuza mazoea kuwa maarifa yanayoweza kuelezwa.

Hatari ya safari hiyo ilielezwa na mwanafalsafa Hegel katika kitabu chake cha mwaka 1807 kuhusu hatua za fahamu. Bwana anayefaidi jasho la mtumwa hujiona huru, kumbe ni tegemezi. Mtumwa, kwa kuvifanyia kazi vitu, ndiye anayekua na kuutambua uwezo wake. Mwenye jimu anayeijua biashara yake kupitia hesabu za mwisho wa mwezi peke yake hupoteza polepole uwezo wa kupambanua kipindi kizuri na kibovu. Cheo kinabaki kwake, ilhali ujuzi umehamia kwa wengine.

Linabaki suala la lawama. Sheria ya Kiislamu ya uwakala huuhesabu mkono wa wakili kuwa mkono wa amana: hasara ikitokea halipi, isipokuwa amevuka mipaka au amezembea. Mteja akiumia mgongo kwa papara ya kocha, kocha ana la kujibu kuhusu kitendo chake. Mwenye jimu naye hujibu maswali mengine: alimteua kwa kigezo gani, alimfundisha nini, na malalamiko ya awali aliyasikiliza au aliyapuuza. Kazi imegawanywa, lakini dhamana haikupungua.

Mwisho, kuna yasiyokasimika kabisa. Katika fikihi, mtu anaweza kumwakilisha mwingine kumtolea zaka, lakini hawezi kumswalia swala zake za faradhi. Tofauti inaeleweka: zaka lazima imfikie mhitaji, kwa mkono wa yeyote, ilhali swala inamhusu mwenye kuswali mwenyewe. Jimu ina mpaka huohuo. Vyuma vinaweza kupangwa na yeyote, ila hakuna mteja anayeweza kumtuma mtu akamfanyie mazoezi. Kwa kiongozi, upande usiokasimika ni uamuzi na dhamiri: kuchagua lengo la kazi, kuwapima watu wa kuaminiwa, na kukubali lawama inapostahili. Anayeviachia hivyo pamoja na funguo za mlango amebaki mmiliki kwenye hati tu. Anayevishika, huku akiwaachia wengine yaliyobaki, kazi bado ni yake hata siku asiyogusa chuma.