MANYOYA YA MBWA, NGUO YA SWALA NA USAFI WA LUPANGO

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Hapa Kakanda watu wengi wanafuga mbwa wa kulinda lupango. Wezi wa kuku, wa mabati na wa nyaya za umeme wapo, na mshahara wa kumlipa mlinzi kila mwezi si kila nyumba inao. Tena wengi wetu tunakaa na ndugu wasiokuwa Waislamu: mama mkwe, shemeji, kaka wa baba mmoja. Huenda mbwa ni wake, lakini manyoya hayaulizi dini ya mtu. Yanapukutika, upepo wa kiangazi unayabeba, na jioni yako juu ya mkeka, kwenye beseni la unga na kwenye kanzu iliyoanikwa kambani.

Maswali tunayoulizwa yanafanana. Je, swala yangu imesihi? Nioshe nguo zote mara saba? Mbwa tumfukuze? Lakini lililotufanya tuandike karatasi hii ni zito zaidi. Ndugu yetu mmoja analinda ghala usiku, anazunguka na mbwa wa tajiri wake. Ijumaa moja alitoka kazini moja kwa moja akaja msikitini. Aliyekuwa kando yake katika safu akaona manyoya mawili matatu kwenye suruali yake, akamwambia kwa sauti, watu wakisikia, kwamba anachafua nyumba ya Allah. Ndugu yule akainuka akatoka. Leo ni Ijumaa ya nne hajarudi.

Basi tutazame sheria inasemaje kabla ulimi haujasema.

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi ya Abu Huraira, kwamba chombo alichokilamba mbwa kioshwe mara saba, ya kwanza kwa udongo. Hilo linajulikana na wote. Wanachuoni wamekhitalifiana katika yaliyobaki. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tuliyapokea kutoka pwani kwa njia ya Kasongo na Maniema, mbwa mzima ni najisi: mate, jasho na manyoya. Imamu Malik, ambaye ndugu zetu wafanyabiashara wa Senegal na Mali wanamfuata, anamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, na kuosha mara saba kwake ni ibada tuliyoamrishwa. Wahanafi wanasema mate ni najisi, manyoya si najisi. Kwa hiyo aliyemkemea mwenzake Ijumaa ile, huenda jirani yake wa upande wa pili hakuona kosa lolote, na wote watatu wanaelekea kibla kimoja.

Na hata kwetu sisi Mashafii, kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Mbwa mkavu akigusa nguo yako kavu, huna la kuosha. Ukiona unyoya mkavu juu ya nguo, uondoe, kung'uta, kisha swali. Penye unyevu ndipo penye kazi: mbwa katoka mvuani akakusugua mguu, au kakulamba mkono, au kanzu ilikuwa bado mbichi kambani manyoya yakaigandia. Hapo osha mara saba, moja kwa udongo, tena osha mahali palipoguswa tu, si kanzu nzima. Tunalisema hili kwa sababu wako mama zetu wanaomaliza bidoni mbili za maji kwa alama ya ulimi mmoja, na maji yenyewe wameyabeba kichwani. Kama umemaliza kuswali ndipo ukaona unyoya, nawe hujui umeanguka saa ngapi, swala yako imesihi, kwa kuwa yakini haiondolewi na shaka.

Udongo wenyewe uwe safi. Usiuchukue kwenye taka za mgodi wala kando ya barabara ya malori. Hanbali wamekubali sabuni badala ya udongo; kwa Mashafii kauli yenye nguvu ni udongo, na hapa kwetu udongo haujawahi kupungua.

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mbwa walikuwa wakipita ndani ya msikiti na hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili ya hilo. Basi manyoya mawili ya mlinzi aliyekesha yasiwe sababu ya mtu kukosa Jumaa. Baada ya swala ya leo wazee wawili watakwenda nyumbani kwake, na aliyemsema ataombwa kufuatana nao.

Lakini asije mtu akachukua maneno haya akamlaza mbwa chumbani. Mtume (s.a.w.) ametuambia kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba anayefuga mbwa asiye wa mifugo, wa shamba wala wa kuwinda, thawabu zake hupungua kila siku. Wanachuoni wengi wamemlinganisha mbwa wa kulinda nyumba na hao walioruhusiwa. Je, malaika hawaingii hata akiwa mbwa wa ruhusa? Al-Khattabi anasema katazo ni kwa yule asiyeruhusiwa. An-Nawawi ameona ni kwa mbwa wote. Ukimjengea kibanda chake nje, karibu na mlango wa lupango, umesalimika kwa kauli zote mbili, na kazi ya kulinda ni huko huko.

Kibanda kikishakuwapo, mambo ya manyoya yanakuwa mepesi. Mchane kwa brashi ngumu mara mbili kwa wiki, nje, upepo ukiwa unatoka upande wa nyumba, na manyoya yafukiwe kwenye shimo la taka. Asioshwe kwa sabuni kila siku, ngozi inakauka na manyoya yanazidi kutoka. Mbwa anayekula bukari tupu manyoya yake ni dhaifu. Mtilie dagaa au mifupa yenye nyama. Akitoka mabaka, huo ni ugonjwa, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Ndani, nyunyiza maji kabla ya kufagia, au pitisha kitambaa kibichi, maana fagio kavu hurusha manyoya na vumbi pamoja. Vumbi letu si la kuchezea: mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliokuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga, na mbwa hulala katika vumbi hilo hilo, kisha mtoto anamkumbatia. Kamba ya nguo iwe mbali na kibanda. Mswala ukunjwe uwekwe ndani ya mfuko. Nguo zilizokauka nje zipigwe pasi, kwani kuna nzi anayetaga mayai katika nguo mbichi na katika mchanga anapolala mbwa, funza wake wakaingia ngozini mwa watu.

Wengine kwa kudai twahara huwatupia mbwa mawe au sumu. Hao wakumbuke yule aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe.

Na mbwa akimuuma mtoto, msianze na udongo. Osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Mwenye mbwa naye amchanje mbwa wake kila mwaka.

Wabillahi tawfiq.