Kalamu Ilikuwa ya Nani?

Wiki hii binamu yangu amerudishwa dirishani katika ofisi moja anakofuatilia mirathi. Marehemu baba yake ni Ng'wandu, yeye vyeti vyake vya shule vinasema Mwandu. Ameambiwa akaape kwa wakili kwamba huyo ni baba yake. Mtu aliyemzika mzazi wake! Jambo hili limenikaa rohoni.

Sisi wa Usukumani tunajua jina hilo ni moja. Sauti ya ng'w iliwashinda wageni wengi walioshika kalamu. Wajerumani waliuandika mji wetu Muansa, hata kwenye mihuri ya posta. Wazee wakaendelea kusema Ng'wanza, na leo ramani zinasema Mwanza. Padri aliandika alivyosikia, karani wa kodi vilevile, mwalimu akalivuta jina kwenye Kiswahili. Kompyuta nayo ikaangusha ile alama ya juu, tukapata Ngwandu. Ndugu wa tumbo moja, majina matatu.

Nilipoanza kuutafuta ukoo wetu, nilifunguliwa daftari la ubatizo parokiani, Kilatini kitupu, wino umeshageuka kahawia. Kwenye N hatukuwamo. Babu nilimkuta kwenye M, nikamtambua kwa jina la mama yake na kijiji chao. Hata anayemtafuta Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, katika maandishi ya Wajerumani sharti apekue Q, maana walizoea kumwandika Quawa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulipoitaka Ujerumani itoe fuvu lake, uliandika Mkwawa. Fuvu lililotajwa kuwa lake lilirudishwa Uhehe mwaka 1954. Quawa na Mkwawa ni mtu yuleyule.

Najua nitajibiwa kwamba matapeli wa mirathi ni wengi. Ni kweli. Lakini tapeli huja na karatasi zinazolingana herufi kwa herufi, kwa kuwa amezitengeneza kwa mkupuo. Karatasi za familia ya kweli zimepita mikono mingi, miaka mingi, zitaachaje kupishana?

Wapo wanaotaka ukoo mzima tubadili majina yafanane. Sikubali. Kila tahajia inaonyesha jina lilipitia wapi, na mjukuu atakayetafuta kesho ataifuata hiyohiyo. Tuziandike zote, na aliyeandika kila moja, wazee wakiwa bado wanakumbuka. Ofisi nazo ziingize majina yote kwenye faili moja, ziulize mama ni nani, kijiji kipi, nani mashahidi. Kumtoza yatima gharama za kiapo kwa herufi zilizoandikwa na karani asiyemjua ni uonevu.