Kusikilizana: Wajibu wa Wapiga Muziki wa Melini

Katika kufundisha methali isemayo "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani", sisi walimu wa Kiswahili tulio mbali na pwani hupata taabu kidogo. Wanafunzi wetu wengi hawajapata kukiona chombo cha baharini, hata yatubidi tuwachoree ubaoni tezi iko wapi, omo iko wapi, na ngama ni kitu gani. Siku moja, baada ya kuchora hivyo, mwanafunzi alituuliza: "Mwalimu, chombo kikizama, asiyekuwa baharia ana wajibu gani?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tangu siku hiyo tumelifikiri swali hilo, na tumeona kuwa watu wafaao kutuongoza katika kulijibu ni wapiga muziki wa melini, kwa kuwa wao si mabaharia wala si abiria.

Tuanze na maisha yao ya kila siku. Mpiga muziki wa mjini akimaliza kazi hurudi kwake, akapumzika na mkewe na watoto. Wa melini hana pa kwenda. Mtu aliyepiga naye usiku ndiye alalaye naye katika chumba kimoja chembamba, na ndiye aketiye naye mezani, mpaka mkataba uishe. Aghalabu hawakuchaguana, bali wakala ndiye aliyewakutanisha. Wakigombana asubuhi, jioni yawapasa kupanda jukwaani pamoja, na hapo hasira haina nafasi. Maana mpiga fidla asiyemsikiliza mpiga piano huuharibu wimbo wote, naye huaibika pamoja na wenzake. Lugha yetu ina neno moja lililobeba mambo haya mawili, nalo ni kusikilizana. Maana yake ya kwanza ni kutegeana sikio, na ya pili ni kupatana. Basi yafaa tujiulize: je, kupatana huku kwa kazini huzaa wajibu wa kweli, au ni mapatano ya mshahara tu, ambayo hukoma mshahara unapokoma?

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic iligonga siwa la barafu katika Bahari ya Atlantiki, na kabla ya mapambazuko ikazama pamoja na watu wapatao 1,500. Ndani yake walikuwamo wapiga muziki wanane, kiongozi wao akiwa Mwingereza, Wallace Hartley. Hawakuwa bendi moja. Watano walikuwa kundi moja na watatu kundi la pili, kila kundi likiwa na mahali pake na zamu zake. Miongoni mwao alikuwamo Mfaransa, na mwingine Mbelgiji. Watu walionusurika walisimulia kuwa wapiga muziki hao walipiga huku mashua zikishushwa. Wote wanane walikufa. Wengi wamebishana juu ya wimbo wao wa mwisho, lakini kwetu sisi jambo kubwa ni kwamba watu wasiokuwa ndugu wala marafiki wa siku nyingi walibaki pamoja, wala hakuna mkataba uliowalazimisha.

Kuna wasemao kuwa walikosea. Husema kwamba muziki mtamu huenda uliwafanya abiria wasione hatari, wakachelewa kuingia katika mashua. Hoja hii si ya kupuuzwa. Huonyesha kwamba wajibu wa mpiga muziki hauko katika ala yake, bali katika kutambua wenzake wanahitaji nini wakati ule. Mfano wa pili utatusaidia kuliona jambo hili vizuri zaidi.

Usiku wa tarehe 3 Agosti 1991, meli ya watalii ya Kigiriki iitwayo Oceanos ilianza kujaa maji karibu na pwani ya Afrika Kusini, na umeme ukazimika. Mpiga gitaa Moss Hills, mzaliwa wa Zimbabwe, pamoja na mkewe Tracy, aliyekuwa akipiga naye katika bendi, na wenzao wa kikundi cha burudani, kwanza waliwaimbisha abiria ili kuwatuliza. Kisha waliona kuwa nyimbo hazitoshi. Waliweka magitaa chini, wakasaidia kushusha mashua, wakaita msaada kwa redio, na kuwafunga abiria kamba za kuwapandisha katika helikopta. Nahodha aliondoka kwa helikopta abiria wakiwa bado melini. Meli ilizama siku ya pili, lakini watu wote 571 waliokolewa. Hao nao hawakuwa mabaharia. Ila walikuwa wamezoea kutazamana na kujua, bila ya kuambizana, nani anaanza na nani anapokea.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba kazi ya pamoja, ikifanywa kwa uaminifu siku zote, huzaa wajibu uliozidi mkataba. Haizaliwi siku ya msiba, bali hufanyika kidogo kidogo, katika mazoezi ya kila siku, katika kumpisha mwenzako mahali pake pa kusikika.

Hata hivyo, hatuna budi kuongeza jambo moja. Tarehe 30 Aprili 1912, wakala aliyewaajiri wapiga muziki wa Titanic alimwandikia barua baba wa Jock Hume, mpiga fidla mwenye umri wa miaka 21, akimdai shilingi 14 na peni 7, gharama za sare ya marehemu. Ulimwengu ulikuwa ukimwita kijana huyo shujaa, na huku mzazi wake akidaiwa bei ya nguo alizozama nazo! Utu wa wafanyakazi wao kwa wao usifanywe kisingizio cha dhuluma ya mwajiri. Anayesifu kujitolea kwa mtu na kumnyima haki yake, hamsifu bali anamtumia. Sisi walimu, ambao kila mwaka husifiwa katika hotuba nyingi, tunalielewa neno hili bila ya kufafanuliwa.

Tulirudi darasani na jibu letu. Tulimwambia mwanafunzi yule kuwa asiyekuwa baharia hatakiwi kujua kuongoza chombo. Hutakiwa kuwajua walio pamoja naye, na asiwaache. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama jambo hilo lawahusu na wanafunzi wa dawati moja. Tukamjibu kwamba lawahusu sana, na kwamba waanze siku ile ile.