Thamani Iliyo Chini ya Vumbi

Kila kitu kiuzwacho kina bei, lakini si kila bei ni thamani ya kitu. Bei hutamkwa na ulimi kwa dakika moja. Thamani hutafutwa na akili kwa siku nyingi. Watu wawili waweza kupatana bei huku mmoja wao tu ndiye ajuaye thamani. Hapo ndipo swali la haki linapozaliwa: ajuaye ana wajibu gani kwa asiyejua?

Ili swali hili lisipotee hewani kama moshi, tulipe mahali pa kukaa. Fikiri, msomaji, kwamba umeitwa katika nyumba moja ya mtaa wa Mountain View, kando ya barabara ya Waiyaki, jirani na Kangemi, magharibi ya jiji la Nairobi. Mwenye nyumba ni mama mzee aliyefiwa na mumewe. Katika ghala ndogo ya uani mna pikipiki iliyofunikwa turubai tangu marehemu alipoacha kuiendesha, yapata miaka thelathini. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekwisha kuja na mizani yao, wakaahidi shilingi 5,000. Mama anahitaji fedha kwa karo ya mjukuu wake. Wewe ni kijana upendaye mitambo. Unafunua turubai, unapangusa vumbi ubavuni mwa tangi, na jina latokea: Triumph Bonneville.

Moyo wako waruka, na una sababu. Pikipiki ya jina hilo ilitoka Uingereza mara ya kwanza mwaka 1959. Injini yake ilikuwa na silinda mbili na kabureta mbili, na ukubwa wa sentimita za ujazo 649. Katika siku zake ilihesabiwa miongoni mwa zilizo na mbio kuliko zote barabarani. Jina lake ni la uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 Johnny Allen alikiendesha chombo chenye injini ya Triumph kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Kiwanda cha Meriden kilichoiunda kilifungwa mwaka 1983. Kitu kisichoundwa tena hupungua kila mwaka, na kipunguacho hutafutwa.

Lakini furaha si mizani. Kabla ya kuuliza utalipa nini, yakupasa kujua mna nini. Tazama kwanza namba iliyopigwa ubavuni mwa injini na ile iliyopigwa shingoni mwa fremu. Zikilingana, injini na fremu zilitoka kiwandani pamoja. Zikitofautiana, mojawapo ni mgeni, na thamani yashuka. Tazama kitabu cha usajili: ni jina la nani lililoandikwa, na namba zake ndizo hizo? Mulika kurunzi ndani ya tangi uone kutu. Petroli iliyokaa miaka mingi huganda kama gundi ikaziba njia za kabureta. Usipige kiki kwa pupa; toa plagi, tia mafuta mepesi katika silinda, ngoja siku kadhaa, kisha uizungushe injini polepole kwa mkono. Ikikataa kabisa, pistoni zimeshikana na silinda, na gharama ni kubwa. Chunguza nyaya kama hazikuliwa na panya, na mipira kama haikupasuka. Wala usidharau kifaa cha asili kwa sababu kina kutu: kifaa chakavu cha kiwandani mara nyingi hupita kwa thamani kifaa kipya cha kuigiza.

Baada ya macho na mikono, ije kalamu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba pikipiki hiyo ikitengenezwa vyema ingeuzwa shilingi 1,000,000. Vipuri vya kuagizwa ng'ambo vitakula 350,000. Mafundi wa injini na wa rangi watachukua 150,000. Kazi ya mikono yako, pamoja na hatari ya kukuta maradhi yaliyojificha ndani ya injini, ihesabiwe 200,000. Toa hayo yote, na masalio ni 300,000. Hiyo ndiyo thamani ya kitu kilicholala ghalani, si ile 1,000,000 ya kitu kilichoamka. Na kati ya 300,000 zilizomo daftarini mwako na 5,000 alizoahidiwa mama, pana bonde pana. Nani alivuke?

Mtetezi wa mnunuzi atasema hivi: "Elimu yangu sikuiokota njiani. Nimesoma vitabu, nimeungua vidole, nimepoteza fedha kwa vyombo vibovu. Kama faida ya elimu ni ya kila mtu, nani atajitaabisha kujifunza? Mimi sikusema uongo, nimenyamaza tu. Tena nikimpa 10,000 nimemzidishia mara mbili ya alichoahidiwa." Maneno haya yana nguvu, wala si haki kuyacheka. Katika mnada wa wajuzi, ambako kila mmoja amekuja na daftari lake, hapana anayedai kufundishwa na mwenzake. Mjuzi anayemshinda mjuzi hakumdhulumu.

Lakini uani kwa mama huyu si mnadani. Kumbuka kwamba elimu ya mnunuzi imekwisha kulipwa katika hesabu: kazi yake imo, na hatari yake imo. Akitaka kulipwa mara ya pili kwa kutojua kwa mwenziwe, hiyo si ijara tena. Na lipo neno moja linalobadili jambo lote. Mama akikugeukia na kusema, "Mwanangu, wewe wajua mambo haya, ni pesa ngapi?" hapo amekuweka katika viti viwili, cha mnunuzi na cha mshauri. Ukinyamaza katika kiti cha mshauri, kimya chako chasema uongo. Wahenga walisema kuwa cha mlevi huliwa na mgema. Hawakusema kuwa mgema amefanya vyema.

Wapo watu wa kale waliolikabili jambo hili. Cicero, mwandishi wa Roma, alisimulia juu ya Scaevola, ambaye alitaka kununua shamba, akaambiwa bei, naye akajibu kwamba yeye aliliona kuwa na thamani zaidi, akaongeza fedha 100,000 za Kirumi. Habari za Waarabu zasimulia pia juu ya Jarir bin Abdullah. Alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona akamwambia mwenye farasi kwamba mnyama wake alistahili zaidi, akazidi kuongeza mia baada ya mia hata ikafika 800. Mmoja alikuwa na shamba mbele yake na mwingine farasi, nawe una pikipiki. Lakini mtihani ni ule ule.

Hata hivyo tusichanganye haki na ukarimu, wala ukarimu na upumbavu. Haki haikutaki umlipe mama 1,000,000 kwa sababu umeona pikipiki kama yake iking'aa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwenye mashindano ya magari na pikipiki. Mng'aro ule ni jasho la mwenyewe. Anayelipa kupita uwezo hukosa fedha ya vipuri, na pikipiki huhama kutoka ghala moja kulala katika ghala jingine. Hapo mama amepata, lakini wewe umeumia, na chombo chenyewe hakikufufuka.

Kipimo basi ni kipi? Nakupa kimoja, nacho ni chepesi kukumbuka na kizito kutenda: hesabu ya haki ni ile uwezayo kuisoma kwa sauti mbele ya muuzaji. Keti na mama, fungua daftari, umwambie, "Mama, ikitengenezwa yaweza kufika hapa, vipuri vitakula hiki, mafundi watachukua hiki, hiki ni changu kwa kazi na hatari, kilichobaki ndicho ninachokupa." Kama sauti yako itakwama katika mstari mmoja, mstari huo ndio wenye dhuluma. Na kama huna 300,000, sema huna, umwelekeze kwa aliye nazo. Utaikosa pikipiki, nami sitakudanganya kwamba hutaumia. Wema usiogharimu kitu haujapimwa bado.

Liko jambo la mwisho ambalo daftari haliwezi kulibeba. Pengine mama aliketi nyuma ya pikipiki ile akiwa bibi arusi, kitambaa chake kikipepea katika upepo. Thamani hiyo huwezi kuinunua, na yeye hawezi kuiuza. Lakini siku injini itakapolia tena, waweza kuirudisha mlangoni pake aisikie.

Msomaji kijana, huenda usinunue pikipiki kuukuu maisha yako yote. Lakini unasoma ili ujue, na siku moja utajua kuliko aketiye mbele yako. Utakuwa daktari mbele ya mgonjwa, wakili mbele ya mkulima mwenye hati ya shamba, au fundi mbele ya mwenye gari lililozimika. Yeye atakuuliza, "Ni kiasi gani?" naye hatakuwa na njia ya kukukagua. Siku hiyo atakayepimwa ni wewe.