Miguu Mitupu Mbele za Mungu



Sisi tunaowaletea maneno haya ni mume na mke, walimu tuliostaafu kutoka chuo cha ualimu. Tulipofikia umri wa miaka 60, daktari alitushauri tufanye mazoezi kwa ajili ya shinikizo la damu. Basi tukaanza kukimbia polepole kila alfajiri baada ya sala. Tulinunua raba zenye soli nene, tukajiona tumekwisha kujikinga. Lakini haukupita mwaka, goti la mmoja wetu likavimba. Tukapumzika, likapona, tukarudi barabarani. Mara kisigino cha mwingine kikaanza kuuma. Ikawa hivyo kwa miaka mitatu: kuumia, kupona, na kuumia tena. Na kila tulipoumia, tulitafuta raba nene kuliko zile za kwanza.

Hata siku moja mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitutazama tukikimbia, akasema, "Mnaitwanga ardhi kwa visigino kama watu wanaotwanga mtama." Akatueleza kwamba soli nene humfanya mtu asisikie jinsi anavyoipiga ardhi. Akatushauri tuvue viatu, tutembee kwanza peku penye nyasi, kisha tukimbie kidogo sana.

Jambo hili si geni. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Rome, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki kwa miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, baada ya kupima wakimbiaji wa Kenya na wa Marekani, walieleza kwamba wengi waliozoea kukimbia peku hutangulia kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, na hivyo kishindo cha kutua hupungua. Hawakusema kwamba kila avuaye viatu atapona. Naye Bikila alishinda tena huko Tokyo mwaka 1964, na safari hiyo alivaa viatu.

Nasi tulikosa subira. Wiki ya kwanza tulikimbia kilomita nzima, na kesho yake mashavu ya miguu yalikaza hata tukashindwa kupiga magoti kanisani. Miguu iliyofungwa viatuni miaka 40 haifunguliwi kwa siku moja. Tukaanza upya kwa dakika tano tu, tukaongeza kidogo kidogo kwa miezi mingi. Leo, kwa neema ya Mungu, goti limetulia na kisigino pia.

Lakini si habari ya goti iliyotufanya tuandike. Asubuhi moja tulipokuwa tukikimbia kando ya uwanja wa mpira, tulikutana na mtu mzima tuliyemfundisha shule ya msingi, kabla hatujaenda chuoni. Akasema, "Shikamooni, walimu wangu." Tukaitikia, "Marahaba." Akatazama miguu yetu, akacheka: "Leo ninyi mngerudishwa nyumbani!"

Yeye alicheka, sisi hatukucheka. Maana ni kweli. Katika shule ile tulisimama mlangoni asubuhi na kuwarudisha watoto waliokuja bila viatu. Tuliita jambo hilo nidhamu. Na sisi wenyewe tulikua peku, tukaenda shule peku! Lakini tulipopata mshahara na viatu, tuliisahau miguu yetu.

Jumapili iliyofuata tulimngoja nje ya kanisa, tukamwomba radhi. Akatuambia, "Mimi nilikwisha samehe. Lakini nilikaa nyumbani wiki mbili, mpaka mama alipouza kuku wake wote." Mama yule amekwisha kufariki. Kwake hatuwezi tena kuomba radhi, ila kwa Mungu tu.

Ndugu zetu, Maandiko yanatufundisha nini juu ya miguu mitupu? Musa aliamriwa kuvua viatu mbele ya kijiti kilichowaka moto, kwa kuwa mahali pale palikuwa patakatifu. Daudi alipanda mlima wa Mizeituni peku, akilia, naye alikuwa mfalme. Na akiwa kijana aliyavua mavazi ya vita ya Sauli, kwa sababu hakuyazoea. Mwandishi wa Waebrania naye anatuhimiza tupige mbio tukiwa tumeweka kando kila mzigo. Je, mzigo wetu ni upi? Mara nyingi ni kile tulichokivaa tukidhani kinatukinga: cheo, heshima, sifa ya kuwa watu safi. Soli yake ni nene, nasi hatusikii tena tunamkanyaga nani.

Wala tusikosee. Hatusifu umaskini. Safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo mchafu; funza hula vidole; jeraha dogo laweza kuleta pepopunda. Na mwenye kisukari asijaribu kukimbia peku, maana mguu uliopoteza hisia hauoni mwiba. Kuvua viatu kwa hiari ni jambo moja, kukosa viatu ni jambo lingine. Sisi tukirudi nyumbani, raba zetu zatungoja chini ya kitanda. Yule mtoto hakuwa na kitu cha kumngoja.

Kwa hiyo twawasihi mambo mawili. Kwanza, kila mmoja ajichunguze ni wapi anaumia mara kwa mara, nyumbani au kanisani, na kila mara anatafuta soli nene zaidi badala ya kubadili mwendo wake. Atubu, na awe na subira, hata kama ni dakika tano kwa siku. Pili, tuwaulizie wale ambao hatuwaoni tena ibadani. Yawezekana mmoja hakosi imani. Amekosa viatu vya kuvaa mbele yetu.

Alhamisi Kuu, tunapokumbuka jinsi Bwana alivyowaosha wanafunzi wake miguu, hakuna anayeoshwa akiwa amevaa viatu. Tumwombe atufundishe kuwapokea wengine vivyo hivyo. Amina.