Mwalimu na Akili Mnemba: Ni Nani Atoaye Shahada?

Yafaa ijulikane ya kuwa neno shahada katika Kiswahili lina maana mbili, nazo zatoka katika shina moja. Ya kwanza ni ushahidi. Ya pili ni hati apewayo mwenye kuhitimu chuo kikuu, na hata ile iliyo chini yake huitwa stashahada. Wala hapana ajabu. Ampaye mwanafunzi hati hushuhudia mbele za watu kwamba fulani amejifunza jambo hili na analiweza, kama sheikh atoavyo ijaza baada ya kumsikiliza mwanafunzi wake kitabu kizima, tangu mwanzo hata mwisho. Na sharti ya shahidi yajulikana na kulla aliyesoma fiqhi: hushuhudia alijualo, si alidhanialo.

Basi mwalimu wa chuo aliyeiachia akili mnemba kazi ya kutunga masomo yake na kusahihisha majibu ya wanafunzi wake, yeye ashuhudia nini?

Na itazamwe Peramiho, katika nchi ya Songea, penye misheni ya Wabenedikto tangu mwaka 1898, na hospitali ya Mtakatifu Yosefu, na mafunzo ya wauguzi. Mtu asiseme kwamba hayo ni ya watu wa misheni, hayawahusu watu wa pwani. Maana mgonjwa adungwapo sindano haulizwi dini yake, na vyombo hivi vimekwisha kufika Unguja na Mombasa kama vilivyofika bara. Muuguzi hufunzwa kukadiria dawa kwa uzito wa mgonjwa. Paracetamol ya mtoto, ikikadiriwa miligramu 15 kwa kulla kilo, mtoto wa kilo 8 hupewa miligramu 120. Nukta ikiwekwa pasipo mahali pake, 120 huwa 1,200. Lau mwalimu atachukua hesabu kama hiyo katika chombo na kuwagawia wanafunzi pasi na kuipima, kosa halitabaki katika karatasi, litakwenda wodini.

Na chombo hukosa. ChatGPT, iliyofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022, na wenziwe waliofuata, kazi yao ni kukisia neno lipasalo kufuata, kwa mfano wa maandishi mengi mno yaliyopitishwa ndani yao. Mara nyingi hukisia sawa, na kwa sababu hiyo watu wameviamini. Lakini vikosapo, hukosa kwa maneno yale yale ya yakini, bila ya kusita wala kubadili uso. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikupata kuwako duniani, zimezuliwa na chombo hicho. Wakatozwa faini ya dola 5,000. Jaji hakukitoza chombo. Aliwatoza waliotia saini.

Hapo ndipo penye asili ya mas'ala. Kitabu kina mtungaji na kina mpiga chapa, na kosa likionekana, mtu hujua aende kumwuliza nani. Maneno ya chombo hayana sanadi. Ukikiuliza kimeyapata wapi, huenda kikakutajia kitabu kisichokuwako, kwa adabu nzuri kabisa.

Upande wa pili una dhulma iliyofichika zaidi. Waalimu wengine, kwa kuwashuku wanafunzi kwamba wameandikiwa insha na chombo, hutumia chombo kingine kuwafichua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vyombo saba vya namna hiyo mwaka 2023, kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine, hali zimeandikwa na watu. Na kijana wa Songea, ambaye nyumbani husema Kingoni na sokoni Kiswahili, akaandika mtihani kwa Kiingereza, si ndiye mtu wa namna hiyo hasa? Kumfukuza kwa hukumu ya chombo ni kuhukumu pasi na bayyina. Kadhi hakubaliwi kufanya hivyo katika deni la shilingi kumi, seuze katika riziki ya mtu.

Wala haisemwi kwamba chombo ni haramu. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache akikitumia kutunga maswali ya mazoezi, kisha akayapima moja moja kwa kitabu chake, na akawaambia wanafunzi alikoyatoa, hana lawama. Ila majina ya wagonjwa na khabari zao asiyatie humo kabisa. Hiyo ni amana, na Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022.

Ama yule mwanafunzi anayeshukiwa, njia yake ni fupi. Mwalimu amwite, amketishe mbele yake na karatasi yake, amwambie: eleza. Akieleza, kazi ni yake, hata ikiwa Kiingereza chake kimenyooka kuliko kilivyotazamiwa. Asipoweza, basi mwalimu amejionea kwa macho yake mwenyewe, na ana la kushuhudia.