Hoja Zisizokuwa Hoja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, mtu hupotea kwa njia mbili: kwa kutojua, na kwa kulipima vibaya lile alijualo. Ya kwanza dawa yake ni kusoma. Ya pili ni ngumu zaidi, kwani mwenye nayo hudhani kwamba ana hoja. Wanazuoni waliziita hoja za namna hii mughalata, nazo twazisikia barazani na hata misikitini. Tutataja nne.

Ya kwanza ni kusema, “Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu.” Wazee wana haki ya kuheshimiwa na kuombewa dua, lakini ukale wa jambo si dalili ya usahihi wake. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 170, Qurani imewalaumu walioukataa uwongofu kwa hoja hii hii.

Ya pili ni kuliacha neno na kumshika msemaji: “Yule mtoto wa juzi ana nini cha kutufundisha?” Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake Al-Munqidh aliona ni udhaifu wa akili kuipima haki kwa watu, badala ya kuwapima watu kwa haki.

Ya tatu ni kumbana mwenzio baina ya mambo mawili, na hali njia ya tatu ipo. Anayenasihi kwamba hitima isiwatie wafiwa katika deni huambiwa, “Basi wewe huwapendi maiti wetu!” Na wanaoitia islahi nao wasijitoe: kumwita mtu adui wa Sunna kwa kuwa amekhitalifiana nao katika jambo moja ni mughalata ile ile.

Ya nne, nayo yaua, ni kudhani kwamba lililotangulia ndilo sababu ya lililofuata. Mtoto ana malaria, avishwa hirizi jioni, usiku homa yashuka. Mzazi asema hirizi imeponya. Lakini homa ya malaria kwa tabia yake hupanda na kushuka, na vijidudu vyake vingali damuni. Homa irudipo, huenda wakati wa kumwahi mtoto hospitali umekwisha pita.

Tazameni mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Mwaka wa 10 wa Hijra mwanawe Ibrahim alifariki Madina, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Neno lile lilimtukuza, na moyo wake ulijaa huzuni. Lau angenyamaza, lingeaminiwa. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa sababu ya kufa au kuishi kwa mtu, akawaamrisha kuswali na kuomba.

Basi ikiwa Mtume hakuikubali hoja mbovu hata ilipomtukuza yeye na mwanawe, sisi twapata wapi ruhusa ya kuitetea dini yake kwa hoja mbovu? Kila tusikiapo neno, tuulize dalili yake. Na tuanze na yale tuyapendayo sisi wenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika nia na uadilifu katika kupima. Amin.